Mgeni wa Kamusi Elezo Apewe Jembe na Aonyeshwe Shamba

Ni nadra siku hizi kumpata mwanafunzi wa shule ya upili kisiwani Mombasa ambaye hajapata kuitumia Wikipedia. Mwalimu hutoa zoezi jioni kuhusu Ngome ya Yesu, na asubuhi hukusanya majibu arobaini yenye chanzo kimoja, mengine yakiwa na koma zilezile na makosa yaleyale. Sisi walimu tumelilalamikia jambo hilo mara nyingi, nasi tuna haki ya kulalamika. Hata hivyo, katika kulalamika kwetu tumesahau kuwaambia wanafunzi habari moja kubwa: kwamba kamusi elezo hiyo wanayoinakili haikuandikwa na kampuni wala na serikali, bali imeandikwa na watu wa kujitolea, na kwamba wao wenyewe wanaruhusiwa kuiandika, tena kwa Kiswahili.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003, na leo makala zake zimepita 80,000. Idadi hiyo inapendeza masikioni, lakini mwenye kuzifungua makala hizo ataona kwamba nyingi ni mistari miwili mitatu tu. Makala za namna hiyo wenyeji wa kamusi elezo huziita “mbegu”, na chini yake msomaji huombwa aikuze. Jina hilo lina hekima. Mbegu haitupwi, lakini pia haioti bila ya mtu wa kuimwagilia. Nao wamwagiliaji ni wachache. Lugha ambayo UNESCO inakadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, na ambayo tangu mwaka wa 2022 huadhimishwa duniani kila tarehe 7 Julai, kamusi elezo yake inategemea kikundi kidogo cha watu wanaoandika mara kwa mara, pamoja na wakabidhi wachache mno, yaani wale waliopewa dhamana ya kufuta kurasa zisizofaa na kuwazuia waharibifu.

Shabaha yangu leo si kuisifu kamusi elezo hii wala kuishutumu. Nataka tulizungumze suala la mgeni. Kijana anapobisha hodi huko kwa mara ya kwanza, hupokewaje? Nashikilia kwamba mustakabali wa kazi hii, na hasa wa yale yatakayoandikwa kuhusu Mombasa yetu, hautegemei wingi wa watakaoingia. Unategemea kama kila anayeingia atampata mtu mmoja, mwenye jina na subira, wa kuyasoma maandishi yake ya kwanza na kumweleza yaliyo sawa na yasiyo sawa.

Tuchukulie mfano. Msichana mmoja wa Kibokoni, mwanafunzi wa shule ya upili, anaamua kuandika kuhusu Ndia Kuu, ile barabara kongwe inayopita katikati ya Mji wa Kale. Hana kompyuta; ana simu ya mama yake, na saa moja ya usiku. Anaandika mistari sita. Anaeleza barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, anataja milango ya nakshi iliyosalia, kisha anaongeza habari aliyosimuliwa na bibi yake kuhusu nyumba fulani na waliokaa humo. Anabonyeza pa kuhifadhi, na moyo wake unafurahi kwa kuwa maneno yake yanaonekana duniani kote.

Usiku uleule mambo matatu yanatendeka. Ujumbe wa kumkaribisha, ulioandaliwa tangu zamani na unaopelekewa kila mgeni bila ya kubadilishwa neno, unabandikwa kwenye ukurasa wake. Mhariri mmoja anayeishi mbali, aliyejifunza Kiswahili sanifu kwa bidii, anaona neno “ndia”, anadhani ni kosa la tahajia, na kulifanya “njia”. Mhariri wa pili anaiona habari ya bibi, haoni kitabu wala gazeti lililotajwa, na anaifuta. Asubuhi msichana anarudi, anakuta jina la barabara yake limegeuzwa na maneno ya bibi yake hayapo. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Hata hivyo, msichana yule hatarudi tena, na Mombasa imempoteza mwandishi ambaye haitajua kamwe kwamba ilikuwa naye.

Mfano huu nimeutunga, lakini jambo lenyewe limechunguzwa na wataalamu. Mwaka wa 2013 watafiti wanne wakiongozwa na Aaron Halfaker walichapisha uchunguzi kuhusu Wikipedia ya Kiingereza, ambayo idadi ya wahariri wake hodari ilifika kilele mwaka wa 2007 na kuanza kushuka. Waliona kwamba kanuni na mitambo iliyobuniwa ili kupambana na waharibifu ilikuwa ikiwapiga pia wageni wenye nia njema. Kazi zao za kwanza zilikataliwa kwa wingi kuliko zamani, mara nyingi na mashine au na mtu anayetumia mashine, na waliokataliwa namna hiyo aghalabu hawakurudi. Hayo yametukia pamoja na kuwa kamusi elezo hiyo ina mwongozo unaowakumbusha wenyeji wasiwang'ate wageni, na mwingine unaowataka wamdhanie kila mtu nia njema mpaka ithibitike vingine. Ikiwa lugha yenye maelfu kwa maelfu ya wahariri iliumia kwa sababu hiyo, seuze lugha yetu ambayo kila mhariri anayeondoka huacha pengo linaloonekana?

Turudi kwa neno “ndia”, kwa maana lina uzito hapa kwetu. Mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya washairi wakubwa, kikawekwa kando. Sitaki kuufufua ugomvi huo. Shule zetu zote hufundisha Kiswahili sanifu, na mitihani hutungwa kwacho, nami nimekifundisha bila ya kinyongo. Lakini mtoto wa Mji wa Kale anayesahihishwa jina la barabara ya babu zake bila ya maelezo husikia jambo kubwa kuliko tahajia. Husikia kwamba hata nyumbani kwake lugha yake ni makosa. Angalikuwapo mtu wa kumwongoza, jambo lingalikwisha kwa sentensi mbili: kwamba makala nzima huandikwa kwa Kiswahili sanifu ili asomaye Bukavu na asomaye Zanzibar waelewe, na kwamba Ndia Kuu ni jina, nalo libaki kama wenyewe wanavyolitamka, na maana yake ielezwe. Msichana angalijifunza kanuni, na yule mhariri wa mbali naye angalijifunza Kimvita. Wote wawili wangalifaidi.

Najua nitakavyojibiwa na wale wanaoibeba kazi hii kila siku. Watasema kwamba wao ni wachache, kwamba wanaoingia si wote malaika, kwamba kila siku kuna anayeandika matusi, anayetangaza duka lake, anayejiandikia wasifu kana kwamba yeye ni mfalme, na anayenakili kurasa nzima za kitabu cha mtu mwingine. Haya yote ni kweli. Kukaribisha si kuacha mlango wazi usiku kucha. Mwenyeji anayemwachia mgeni avunje vyombo hamheshimu mgeni wala nyumba yake.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kumwacha mgeni afanye atakalo kwa sababu tu hakuna mwenye nafasi ya kumtazama. Mwaka wa 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya wenyeji wa Uskoti, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alianza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka mingi aliandika makala zaidi ya 20,000 kwa kuchukua Kiingereza na kubadilisha neno hapa na neno pale. Watu walimkasirikia sana. Mimi nikiisoma habari hiyo nilijiuliza swali moja tu: watu wazima walikuwa wapi? Mtoto alikuja kwa mapenzi, akafanya kazi ya punda bila ya ujira, wala hakumpata mtu wa kumwambia mapema, kwa upole na kwa uwazi, kwamba kazi hiyo haimfai mpaka ajifunze lugha kwanza. Alikaribishwa kwa kuachwa, na kuachwa si ukarimu.

Kwetu sisi hatari hiyo imekaribia zaidi tangu zilipopatikana mashine za kutafsiri. Kijana huichukua makala ya Kiingereza, huipitisha kwenye mashine, na kubandika yanayotoka bila ya kuyasoma. Matokeo yake ni Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote kuanzia Mogadishu hadi Msumbiji. Mwenye kuifuta makala hiyo kimyakimya ameiokoa kamusi elezo kwa siku hiyo. Mwenye kumwandikia kijana na kumwambia, “Mwanangu, isome sentensi hii kwa sauti; je, mama yako angeisema hivi?” huyo amepata mhariri. Kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na ndiyo maana inahitaji walimu.

Wako wanaoamini kwamba dawa ni mashindano. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Zawadi ziliwekwa, na mamia ya makala yaliongezwa kwa muda mfupi. Tangu hapo tumeona warsha na siku nyingi za kuandika pamoja, na mnamo Agosti 2025 Nairobi ilipata heshima ya kuwa mwenyeji wa Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa Wanawikipedia wa dunia nzima. Siyabezi hayo. Mikutano huwasha moto, na zawadi humfanya kijana ajaribu. Lakini aliyekuja kwa ajili ya zawadi huondoka na zawadi yake, na makala aliyoiandika kwa haraka hubaki kuwa mzigo wa wale wachache waliokuwapo tangu awali. Waandalizi huhesabu makala zilizoandikwa katika siku moja na kupigiwa makofi. Laiti wangalihesabu ni wangapi kati ya walioandika siku hiyo wanaandika mpaka leo! Hesabu hiyo ndiyo ingetuambia kama tulikaribisha watu au tulikusanya umati.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kamusi elezo mgeni hupewa jembe siku ya kwanza, saa ya kwanza, naye mara nyingi ndiye aliyeliomba. Lisilofanyika ni kumwonyesha mpaka wa shamba, mmea upi ni magugu na upi ni mpunga, na nani wa kumwita akikwama.

Watu wa Mombasa wanaijua vyema kazi hii ya kumwongoza mgeni wa elimu. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mvita, alifariki karibu na mwaka wa 1840, na tungo zake zilibaki zaidi vinywani mwa watu kuliko katika maandishi. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdalla alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akazieleza maneno yake magumu, na kumpa mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akijifunza Kiswahili hapa. Taylor alikuwa mgeni. Sikujua alikuwa mwenyeji na mwalimu. Karatasi hizo zilifika London, na ni kwa sababu yake diwani ya Muyaka iliweza kuchapishwa mwaka wa 1940, na wasomi wa baadaye, akiwamo Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka wa 1979, wakapata pa kuanzia. Lau Sikujua angalimpa yule mgeni salamu tu na kumwacha aende zake, leo tungalikuwa na Muyaka wa kusikia kwa mbali.

Karibu na zama zetu alikuwapo Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka wa 2017. Huyu ndiye anayetajwa kwa kutupa neno “runinga”. Watafiti wa vyuo vikuu vya ng'ambo walimjia mmoja baada ya mwingine, naye aliwaketisha na kuwaeleza mashairi, majina ya sehemu za jahazi na maneno ya kale, bila ya kuwahimiza waondoke. Hali ilikuwa hivyo katika mabaraza mengi ya Mji wa Kale: mgeni wa elimu alipewa kahawa, na mazungumzo yaliendelea mpaka adhana. Nauliza basi, walimu wenzangu: subira tuliyowapa wageni wa mbali waliokuja kuandika kutuhusu, tumewapa watoto wetu wanaotaka kuandika wenyewe?

Habari ya Sikujua inatufunza na jambo la pili, linalohusu yale maneno ya bibi. Kamusi elezo haipokei habari isiyoweza kuhakikishwa katika chanzo kilichochapishwa, hata kama msemaji ni mkweli kuliko vitabu vyote. Kanuni hii huwaudhi sana watu wa pwani, kwa kuwa mengi tunayoyajua tunayajua kwa kusimuliwa. Nami naikubali kanuni hiyo, kwa sababu bila yake kila mtu angemtaja bibi yake, na mabibi nao hutofautiana. Lakini namna ya kumweleza kijana ina tofauti kubwa. Mwenye kumwambia “hakuna chanzo” amefunga mlango. Mwenye kumwambia “maneno ya bibi yako ni mali, hapa si mahali pake pa kwanza, yaandike, yalinganishe na ya wazee wengine, yapeleke kwa watafiti wa makumbusho au gazetini, na yakishachapishwa tutayataja” amemfanya kijana kuwa Sikujua mpya. Wazee wa Mji wa Kale wanatutoka kila mwaka. Mtoto aliyekataliwa bila ya maelezo hatamuuliza bibi yake swali la pili.

Sasa nije kwenye yale ambayo walimu wanaweza kuyafanya, maana kauli bila ya vitendo ni kelele.

Kwanza, tusiwapeleke wanafunzi mia kwa siku moja. Tuanze na watano au sita, na kila kundi liwe na mwongozi mmoja ambaye amekwisha kuandika mwenyewe kwa miezi kadhaa. Mwalimu asiyewahi kuhariri hata ukurasa mmoja hawezi kumwongoza mwingine, kama vile asiyejua kuogelea hafundishi kuogelea akiwa ufukweni. Kuna na sababu ya kiufundi: Wikipedia hairuhusu kufunguliwa zaidi ya akaunti sita kwa siku kutoka muunganisho mmoja wa intaneti. Walimu wengi wameandaa somo zuri, na mwanafunzi wa saba alipojaribu kujiandikisha akakuta mlango umefungwa. Heri kila mmoja ajiandikishe mapema akiwa kwao, au msaada uombwe kwa wakabidhi siku chache kabla. Hutokea pia kwamba mtandao wa simu umezuiwa kwa ajili ya uharibifu wa mtu mwingine kabisa. Mgeni asiyejua hilo hudhani ni yeye anayefukuzwa. Mwongozi anayejua humtuliza na kumwonyesha pa kuomba msaada.

Pili, kazi ya kwanza iwe ndogo. Mwanafunzi asianze kwa kuandika historia nzima ya Mombasa. Aisome mbegu moja na kusahihisha tahajia. Kesho yake aongeze tarehe moja na kutaja kitabu alichoitoa. Kwa mfano, Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ilifanywa makumbusho baada ya kutumiwa kama gereza na serikali ya kikoloni, na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Haya ni mambo yenye maandishi. Kazi ya mwanafunzi ni kuyatafuta katika kitabu, kuyasema kwa maneno yake mwenyewe na kuonyesha alikoyatoa. Akiweza hilo kwa sentensi moja, amejifunza jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu bado linawashinda.

Tatu, tuwapeleke kwenye vitabu. Makumbusho ya Ngome ya Yesu yana maktaba. James Kirkman, aliyeichimbua na kuichunguza ngome hiyo, alichapisha kitabu juu yake mwaka wa 1974. Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa, ndiye aliyeandika pamoja na Mathias Mnyampala kitabu cha Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka wa 1977. Vitabu hivi vinapumzika rafuni ilhali wanafunzi wetu wananakiliana kutoka kwa simu. Kijana anayetafuta chanzo cha sentensi yake mwenyewe hufungua kitabu kwa njaa, na hilo sisi tumelitafuta kwa viboko miaka mingi bila ya kulipata.

Nne, maandishi ya kwanza ya mgeni yasomwe upesi. Siku mbili zisipite. Likiwapo kosa, lielezwe kabla ya kufutwa au papo hapo baada ya kufutwa, katika ukurasa wa majadiliano, kwa maneno ya mtu na si kwa tangazo lililoandaliwa. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake, na kila toleo la zamani hubaki humo likaweza kurejeshwa. Kwa hiyo kosa la mgeni si msiba wa kutufanya tukimbie. Na linapostahili kukataliwa, likataliwe waziwazi. “Hapana” yenye sababu ni adabu. Kimya ndicho kinachoumiza.

Tano, tuwafuatilie mwaka mzima. Shule inayotaka kujisifu isitaje makala mia zilizoandikwa Jumamosi moja. Itaje wanafunzi watatu walioandika Januari na bado wanaandika Desemba, na zaidi ya hapo, itaje yule mmoja kati yao ambaye sasa anamwongoza mwingine. Mnyororo huo ukishaungana, mwalimu anaweza kuhamishwa au kustaafu na kazi isife.

Kwenu ninyi wanafunzi nina maneno machache. Mkisahihishwa, msinune. Kamusi elezo si shajara yako, na maandishi unayoyaweka humo si mali yako peke yako. Umeyatoa kwa watu wote, nao wana haki ya kuyagusa. Msiandike juu ya nafsi zenu, wala juu ya rafiki yenu aliyetoa wimbo mmoja jana. Msinakili. Mkiona mmeonewa, ulizeni kwa heshima katika ukurasa wa majadiliano, maana mara nyingi aliyekufuta ni mtu mwema aliyechoka. Na msikubali kuambiwa kwamba mambo ya kwenu ni madogo. Thenashara Taifa za Mombasa, Msikiti wa Mandhry, Bandari ya Kale na majahazi yake, na ufundi wa kuchonga milango: anayeyajua haya kwa karibu ndiye anayefaa kuyatafutia vyanzo na kuyaandika. Msipoyaandika ninyi, yataandikwa na aliyepita siku tatu kwa matembezi, na watoto wenu watakuja kuyanakili hayo kwa zoezi la jioni.

Na kwa wakabidhi na wahariri wa zamani, ambao wengi wao wamefanya kazi hii kwa miaka bila ya kushukuriwa, naomba jambo moja. Kabla ya kubonyeza pa kufuta, itazameni historia ya aliyeandika. Akiwa ni mgeni wa siku ya kwanza na hakuleta matusi wala biashara, mpeni dakika tano. Dakika hizo mtazilipwa na mtu wa kuwasaidia kufagia ukumbi ambao leo mnaufagia peke yenu.

Muhula ujao shule za kisiwa hiki zitafunguliwa. Nawataka walimu wa Kiswahili na wa Historia katika kila shule wakutane, wachague watu wawili wa kujifunza kuhariri kuanzia sasa, na wawakabidhi wanafunzi watano kila mmoja kabla ya mwisho wa mwaka. Hakuna ada ya kulipa, wala kibali cha kusubiri kutoka Nairobi. Kinachohitajika ni mtu mzima atakayekaa na kijana, aisome naye sentensi yake ya kwanza, na kesho yake amuulize: “Umeandika nini tena?”